Mlango Usiopigwa Teke

Palikuwa na mji usio na jina, maana kila aliyetaka kuuita aliukuta umekwisha kuitika. Jua lake lilichomoza upande lilioupenda. Watu wake waliuvaa umri kama wengine wanavyovaa nguo: asubuhi mtu ana miaka thelathini, akiudhiwa saa nne ana hamsini, akichekeshwa jioni anarudi ishirini na tano, na hakuna anayemshangaa mwenzake. Na milango ya mji ule, yote, nakwambia yote, ilikuwa imevunjika ubao wa chini.

Ubao wa chini, pale mguu unapofikia. Hayo yaliletwa na gemu. Mwatima binti Mize alikuwa ametunga gemu, zamani au juzi, mji haukuwa na hakika na mambo hayo, la mtu mdogo asiye na uso anayekimbia ndani ya nyumba yenye milango elfu. Akifika mlangoni anapiga teke. Paa! Unafunguka. Wa pili, paa! Ukichelewa unakufa, na ukifa unapewa maisha mengine, maana maisha yalikuwa matatu, na yakiisha yote unaanza upya. Basi, hakukuwa na zaidi ya hayo. Watu walilipenda gemu lile hadi chakula kikawa kinapoa mbele yao. Walilipenda kwenye kioo, kisha wakalipenda barabarani. Mtu anakwenda kwa jirani kuomba kiberiti: teke. Anakwenda kumposea mwanawe: teke. Neno hodi likabaki kwa wazee wachache, nao wakawa wanalisema kwa aibu, kama mtu anayetafuta meno yake mbele ya wageni.

Kisha Mwatima akatunga Sehemu ya Pili. Nyumba ile ile, na mtu yule yule asiye na uso. Ila mlango ulikuwa mmoja tu. Ukibonyeza kitufe cha teke, yule mtu anajigonga kidole gumba, anarukaruka kwa mguu mmoja, anakipuliza kidole chake. Kipo kitufe kingine. Hicho kinasema: Hodi.

Ukipiga hodi, kimya.

Ukipiga tena, kimya.

Mji mzima ukachafuka.

Siku ya kupimwa ikafika. Watu wakajaa uwanjani mbele ya kioo kikubwa kama ukuta wa ghala. Kando ya kioo ilisimama nguzo, na kivuli cha nguzo kilikuwa kinatambaa kuelekea ngazi tatu za jiwe. Kikigusa ngazi ya tatu, namba itaandikwa kwa chaki. Ikiwa tano au zaidi kati ya kumi, gemu litaishi. Ikiwa chini ya tano, Sehemu ya Pili itafutwa yote, na mahali pake patarudishwa milango elfu na mateke yake.

Sheria za siku hiyo zilikuwa mbili. Ya kwanza, mtunzi hutiwa funda la maji mdomoni tangu asubuhi, asimeze wala asiteme, ili asije akaitetea kazi yake. Akifungua mdomo, inafutwa papo hapo. Ya pili, gemu halifutwi likiwa na mtu ndani. Sheria hii walijifunza kwa machungu, baada ya kufuta gemu moja la safari huku binti wa watu hajatoka. Mama yake mpaka leo humletea uji, anauweka mbele ya kioo kitupu, anaurudisha umeganda.

Mwatima alikuwa amekaa kwenye mkeka, maji mdomoni, mikono mapajani. Asubuhi alikuja na miaka thelathini na minne. Sasa alikuwa anakaribia hamsini, na magoti yalikuwa yameanza kumuwasha kwa ndani.

Nini kilichomtisha? Jina lake? Jina walikwisha kulitukana wiki nzima, likazoea. Kilichomtisha kilikuwa nyuma ya mlango ule.

Siku moja, kabla ya Sehemu ya Pili, Mwatima alipita kwa mama yake, Bi Mize. Alikuwa na haraka. Watu walikuwa wanamsubiri wamshangilie kwa ajili ya milango elfu. Mlango wa Bi Mize wakati huo ulikuwa mmoja wa michache iliyobaki na ubao wa chini mzima, na Mwatima hakuthubutu kuupiga teke mlango wa mama yake. Akasema hodi. Akasubiri kidogo. Hodi. Akatazama saa. Hodi. Mara tatu, kama alivyofunzwa; tatu zikipita bila jibu mtu unaondoka, usiwagande watu mlangoni. Akaondoka. Adabu yake ilikuwa kamili, hakuna wa kumlaumu.

Lakini Bi Mize alikuwemo. Alikuwa ananyanyuka. Alikuwa na magoti yale ya kunyanyuka kwa vituo: mkono kwenye kitanda, pumzi, mkono ukutani, pumzi, kanga, pumzi. Alipofungua, nje palikuwa na jua tu. Akachukua simu, akamtumia mwanawe sauti. Mwatima aliisikia siku tatu baadaye, akirudi kumzika mama huyo.

Sauti ile aliiweka nyuma ya mlango wa Sehemu ya Pili. Na katika mji ule, kitu kikiingia ndani ya gemu hutoka nje ya dunia. Kwenye simu haikuwepo tena. Masikioni mwake pia ilikuwa imeanza kufutika, alibaki na maneno bila mlio wake. Ilikuwa pale tu, nyuma ya ubao, na njia ya kuifikia ilikuwa moja: mtu apige hodi mara tatu, asijibiwe, ageuke, ashuke kibarazani, aende zake. Hatua ya saba, mlango unafunguka nyuma yake.

Hakuna aliyefika hatua ya saba. Hakuna aliyepiga hata ya kwanza. Walipiga hodi mia, walipiga hodi mia nne, waligandamiza kitufe mpaka kikalegea. Wakichoka, walizima. Na kuzima si kuondoka. Anayezima haondoki mlangoni, anauondoa mlango.

*Waambie, Mwatima. Neno moja tu: geukeni. Ukiwaambia watageuka wote, watahesabu hatua saba kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza, watamsikia mama, watasema aa, kumbe. Aa kumbe. Hapo mama atakuwa siri ya gemu. Zawadi ya kubonyeza vizuri. Na ukinyamaza? Ukinyamaza atafutwa. Mama aliye ndani asiyesubiriwa na mtu, huyo yumo? Nani mwenye nguvu hapa, aliye nje anayepiga au aliye ndani asiyeweza kufika upesi? Maji haya yana chumvi. Asubuhi hayakuwa na chumvi.*

Kivuli kikagusa ngazi ya kwanza.

Wapimaji, ndivyo walivyoitwa watu wa kutoa namba, walikuwa wanane, na mkubwa wao alikuwa Bwana Ngwali. Mtu mrefu, kanzu imenyooshwa hadi mikunjo yake inakata, chaki sikioni. Alisimama mbele ya kioo, akakohoa.

"Michoro, nane. Rangi, saba na nusu. Mlango..." Akautazama mlango. "Mlango hauna namba. Nimeupigia hodi siku nne. Mke wangu akadhani nimepata mafua."

Watu wakacheka.

"Lakini Bwana Ngwali," akadakia mpimaji mwingine, mwenye miwani kichwani na miwani machoni, "mimi gemu hili nimelipa tisa! Kutofunguka kwake ndiko kufunguka kwenyewe. Mtunzi anatuambia kwamba ndani hakuna kitu. Ni utupu! Utupu mtupu!"

Mwatima aliyasikia hayo yakamuuma kuliko matusi. Maji yakamcheza mdomoni. Huyu anamsifu, na anayemsifu anasema nyumba ya mama yake haina mtu.

"Utupu ukampe mama mkwe wako!" akafoka mmoja katikati ya watu, jina lake Kombe, mtu wa kifua kipana aliyejichora teke begani kwa wino. "Sisi tunataka mateke! Ukiuziwa sambusa ya nyama, ukiuma ukakuta mchicha, utasema ni falsafa?"

"Mwambie!"

"Miaka mingapi tumemngoja huyu mama? Saba! Au kumi na saba! Anatuletea mlango mmoja, na wenyewe umefungwa!"

"Labda funguo kaimeza," akasema mwingine. "Mwangalieni mashavu."

Kicheko kikapita uwanja mzima kama upepo wa vumbi. Mwatima akainamisha kichwa. Miaka sitini sasa. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imelegea mbele ya macho yake, taratibu, kama kitambaa kinachovuliwa.

Namba za wapimaji zilipotolewa ziligawanyika katikati: wapimaji wanne walitoa tano au zaidi, wanne chini ya tano. Ilibaki namba moja ya kuamua, ya washabiki, na washabiki walikuwa wamempa chaki yao mtu mmoja. Waliliita jina lake huku wakipiga miguu chini.

"Sijaona! Sijaona! Sijaona!"

Bi Sijaona akapita katikati yao. Mwanamke mfupi, mwenye ndala za bluu na kitambaa cheupe kichwani. Hakuna aliyejua Sehemu ya Kwanza kama yeye. Milango elfu aliimaliza bila kufa hata mara moja, tena mara mbili, mara ya pili akiwa amefumba macho. Alipofika mbele hakukitazama kioo. Alimtazama Mwatima.

"Dada," akasema, "au shangazi, maana naona umebadilika tangu asubuhi. Mimi sikuja kukutukana. Nimekuja kukuuliza."



"Nilipofiwa na mume wangu, shemeji zangu walibadilisha kitasa eda haijaisha. Nilikwenda sokoni kununua ndimu, kurudi ufunguo hauingii. Nyumba ile kuta zake nimepaka chokaa kwa mikono hii. Nikapiga hodi. Nikasikia vijiko ndani, wanakula. Nikapiga ya pili. Vijiko vikanyamaza. Ya tatu, nikasikia mtu anapumua upande wa pili wa mlango, karibu hivi, kama wewe na mimi. Hakufungua. Basi mimi nikaondoka. Na ndimu zangu."

Mtu mmoja akasema pole, polepole.

"Baadaye nikalipata gemu lako. Unajua lilinipa nini? Mguu! Kila mlango niliopiga ulikuwa ule mlango. Elfu moja! Paa, paa, paa, mpaka nikalala usingizi, mimi niliyekuwa silali. Leo unakuja na hili la Pili, unanirudisha palepale. Unanisimamisha nje. Unaniambia, Sijaona, omba tena. Kwa nini, dada? Nilikukosea nini?"

Mwatima akamtazama, na machozi yakamtoka kwa kuwa maneno yamezuiwa njia yake. Hakuwa amelifikiria hilo. Miaka yote alikuwa amemfikiria aliye ndani, anayenyanyuka. Hakuwahi kumfikiria aliye nje aliyesikia pumzi na hakufunguliwa. Alitamani kuyatema maji yale amwambie, si wao, dada, huyu wa humu si wao, huyu anakuja. Akafungua midomo kidogo. Tone likamdondoka kidevuni.

Bwana Ngwali akanyoosha kidole. "Mtunzi!"

Akafunga midomo. Kivuli kikagusa ngazi ya pili.

"Toa namba, Bi Sijaona!" Kombe akapiga kelele. "Mpe sifuri twende zetu tukapige mateke!"

"Sitoi namba ya kitu ambacho sijakishika," akasema Sijaona. "Leteni pedi ya vitufe."

Akapewa pedi. Akavua ndala akazipanga pembeni, akasimama peku, kama alivyozoea kucheza. Kwenye kioo, yule mtu asiye na uso akatokea kibarazani.

Kwanza akapiga teke. Mtu akajigonga, akarukaruka, akapuliza kidole. Watu wakacheka kwa uchungu. Sijaona hakucheka.

Kisha akasema, "Haya."

*Hodi.*

Sauti ya gemu ilikuwa ndogo, ya mtu asiyetaka kusumbua. Kimya. Kivuli kikasogea. Mwatima aliyasikia magoti yake. Hapana, hayakuwa yake. Alikuwa kwenye mkeka, na alikuwa pia mahali penye giza la mchana, mahali penye harufu ya karafuu na dawa ya kuchua, na mbele yake palikuwa na kitanda cha kushika.

*Hodi.*

Mkono kwenye kitanda. Pumzi. Alikuwa na miaka sabini, alikuwa na miaka ya mama yake, alikuwa na mama yake mwenyewe ndani ya mifupa. Ngoja, alisema ndani ya maji, ngoja mwanangu, niko njiani. Mkono ukutani. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Kumbe kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari, na aliye nje anaiona ni kimya.

Sijaona alikuwa ameganda. Kidole gumba juu ya kitufe, jasho puani. Ilionekana wazi kwamba hakuwa uwanjani tena, alikuwa kwenye ule mlango mwingine, na ndimu zake.

*Hodi.*

Hakuna kitu. Kivuli kilikuwa kimebakiza upana wa vidole viwili kufika ngazi ya tatu.

"Endelea!" watu wakapiga kelele. "Piga tena! Gandamiza! Gandamiza usiachie!"

"Piga ya nne, Bi Sijaona!" akasema hata Bwana Ngwali, na chaki ilikuwa imekwisha kutoka sikioni.

Sijaona akageuka akawatazama. Uso wake ulikuwa umekaza, macho makavu.

"Ya nne?" akasema. "Mimi? Sikuwapigia ya nne wale walionitoa kwenye nyumba yangu, nije kuupigia mlango wa kuchorwa? Kwa lipi? Mimi nikisema hodi tatu nimemaliza. Ukinitaka utanifuata."

Na kidole chake, kwa hasira, kikamgeuza yule mtu. Hakukizima kioo. Alimgeuza, mgongo kwenye mlango, akamshusha kibarazani. Hatua moja. Mwatima akashika mdomo kwa mikono miwili. Mbili. Tatu. Kombe akasema, "Anakwenda wapi huyu?" Nne. Kule mbele kwenye kioo hapakuwa na kitu cha kuendea, palikuwa na uwanja mweupe tu, na yule mtu aliutembea wima, bila kugeuka nyuma, kama anayejua kwao. Tano. Kivuli kikabakiza kidole kimoja. Sita.

Saba.

Mlango ukalia, mlio wa kitasa cha zamani kinachozungushwa na mkono usio na nguvu.

"Karibu, karibu... mbona umeondoka? Nilikuwa nanyanyuka tu. Magoti haya, mwanangu, ndiyo yanayonichelewesha. Si kwamba sikutaki. Basi, mlango nimeuacha wazi."

 Kule nyuma mzee mmoja aliitika "Starehe, mama," bila kujijua, akaziba mdomo.

Sijaona alibaki na pedi mkononi. 

"Alikuwa anakuja," akasema. "Huyu alikuwa anakuja."

Akamrudisha yule mtu. Hatua saba, taratibu kuliko za kwenda. Akapanda kibarazani. Na pale kizingitini, kwa sababu palikuwa na kitufe ambacho hakuna aliyewahi kujua kazi yake, akakibonyeza, na yule mtu mdogo akainama akavua viatu. Akaingia. Ndani palikuwa na kitanda cha kamba, na kanga ukutani, na mkeka. Akakaa.

Kivuli kikagusa ngazi ya tatu.

"Muda!" Bwana Ngwali akapaza sauti. "Bi Sijaona, namba! Namba, tafadhali, tuandike!"

Sijaona hakugeuka. Akakaa chini pale pale uwanjani, akakunja miguu, akaweka pedi mapajani.

"Subiri," akasema. "Nipo kwa watu."

"Namba, mama! Bila namba tunafuta!"

"Mtafutaje na mimi nimo ndani?"

 Bwana Ngwali akakitazama kioo, akaitazama chaki. Alikuwa anaijua sheria, ndiye aliyeiandika, kwa mkono ule ule, siku ile ya binti na uji. Chaki ikamvunjikia vidoleni.

"Utatoka lini?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Nitakapoagwa."

Kombe alikuwa amesimama karibu na kioo. Alitazama teke lililochorwa begani mwake, akalifunika kwa kiganja, kama mtu anayepangusa jasho. Kisha, bila pedi, bila kitufe, akasogea mbele ya ule mlango mkubwa kuliko yeye.

"Hodi," akasema.

Akangoja. Akasema ya pili, ya tatu. Halafu mtu yule wa kifua kipana akageuka, akampa mlango mgongo wake, akaanza kutembea. Nyuma yake mwingine. Kisha mpimaji wa miwani miwili. Haukupita muda, uwanja mzima ulikuwa umekipa kioo mgongo, watu wanakwenda polepole bila kujua wanakwenda wapi, shingo zimekaza, masikio yote yako nyuma.

Mwatima peke yake ndiye aliyebaki ameelekea mlangoni. Ulikuwa wazi. Funda la maji, lenye chumvi ya siku nzima, akalimeza.

"Nakuja," akasema.

Akaweka mkono mmoja chini. Pumzi. Mkono wa pili kwenye goti. Pumzi. Akaivuta kanga yake mabegani, akanyanyuka bila haraka, kama mtu anayejua kwamba anasubiriwa.